Kumtembelea mgonjwa wa TB nyumbani: fomu itoke mwisho

Dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali. Zinafanya kazi, na kwa TB ya kawaida ya mapafu ambayo haijawa sugu, tiba inakwisha kwa miezi 6. Hata hivyo hakosekani mtu kwenye rejista ya zahanati aliyeanza vizuri akapotelea njiani. Ukiuliza sababu utajibiwa "uelewa mdogo". Mara nyingi si hivyo. Aliyeacha dawa anajua fika kwamba hakutakiwa kuacha, maana ameambiwa na daktari, muuguzi, bango la ukutani na jirani. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumweleza kwa nini ameacha, bila kuogopa kugombezwa.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuwa mtu huyo. Kenya ilizindua wahudumu wake kwa kishindo Septemba 2023, kila mmoja na begi la vifaa na takriban kaya 100; Tanzania ikazindua mpango wake Januari 2024. Begi lina mashine ya presha, kipima joto, mzani, utepe wa kupima mkono wa mtoto. Ni vifaa vizuri, lakini hakuna hata kimoja kitakachokuonyesha kwamba mgonjwa ameficha dawa kwenye debe la unga kwa sababu mwenye nyumba akizikuta atamtoa. Hilo utalijua akikwambia mwenyewe, na atakwambia kama amekuzoea. Hayo mazoea yana ufundi wake.

Kabla ya kubisha hodi

Swali la kwanza muulize akiwa bado kituoni, siku anayoanzishiwa dawa: "Nije nyumbani kwako au tukutane mahali pengine? Na nikiulizwa nimefuata nini, nijibu nini?" Wapo ambao hawajawaambia wapangaji wenzao, na wapo ambao hata mwenza hajui. Akisema mkutane sokoni nyuma ya genge la nyanya, kubali. Ukifika mtaani kwake kwa mara ya kwanza na ukapotea njia, mpigie simu yeye. Usimuulize balozi wa nyumba kumi nyumba ya mgonjwa iko wapi. Kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa ni wajibu, lakini jitambulishe kwa kazi yako yote: chanjo, wajawazito, usafi, lishe. Jina la mtu halimhusu.

Fulana yenye nembo iache nyumbani. Siku ya chanjo inasaidia, watu wanakuona kwa mbali. Mbele ya mlango wa mgonjwa wa TB inageuka tangazo. Pikipiki ya mradi nayo iegeshe mbali.

Ukifika, kaeni nje. TB inasambaa kwa hewa, hasa vyumba vilivyofungwa visivyopitisha upepo, kwa hiyo baraza au kivuli cha mwembe kinakulinda wewe na kinampunguzia yeye aibu ya kuona mgeni anamkwepa. Nyumba ya wapangaji ina shida yake: barazani kila neno linasikika hadi chumba cha mwisho. Hapo tembeeni. Kumsindikiza mgonjwa dukani kununua chumvi, mkienda taratibu na kurudi, ni ziara kamili na hewa mnayo ya kutosha.

Ziara ya kwanza

Itengee dakika 40 na kalamu isitoke mfukoni kabla ya nusu saa kupita. Anza na mkubwa wa nyumba hata kama hakuhusu.

"Hodi hapa."
"Karibu."
"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Ukiletewa kigoda, kaa. Ukiletewa maji, pokea. Anayesimama mlangoni na faili mkononi anafanana na mtu wa kudai kodi, na majibu atakayopata ni ya mtu anayedaiwa.

Fomu inataka kujua wanaolala na mgonjwa ni wangapi na kama kuna watoto chini ya miaka 5. Ukiuliza "mnalala wangapi humu?" mara tu baada ya salamu, utahesabiwa watu pungufu. Anza na mtoto anayepita. Anaitwa nani, ni wa ngapi kuzaliwa, analala na nani. Ndani ya dakika kumi utakuwa umeipata familia yote na hakuna aliyejiona anahojiwa. Watoto hao wadogo ni wa kupelekwa kituoni kuchunguzwa hata kama hawakohoi, kwa sababu wakionekana hawana TB wanapewa dawa ya kinga. Wakubwa waulizwe dalili nne: kikohozi, homa, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito.

Siku hiyo mweleze mambo matatu tu. Mengine yatasubiri, kwa kuwa mtu aliyetoka kuambiwa ana TB hashiki mengi. Kwanza, mkojo utabadilika uwe wa rangi ya chungwa, wakati mwingine hata jasho na machozi, na hiyo ni rangi ya dawa, siyo damu. Usipolisema mapema, kuna atakayeziacha siku ya pili na kwenda kwa mganga akidhani figo zimeharibika. Pili, siku za mwanzo kichefuchefu kinaweza kuwepo. Tatu, akimeza dawa inavyotakiwa, uwezekano wa kuambukiza wengine hushuka sana ndani ya wiki chache, kwa hiyo hakuna haja ya kutengewa sahani na kikombe. La tatu liseme mbele ya familia, kama mgonjwa ameridhia. Sahani iliyotengwa humvunja mtu moyo kuliko kikohozi.

Hapo kwenye mkojo kuna mtego. Kwa kuwa rangi inaonyesha kama dawa imemezwa, wapo wahudumu wanaopenda kuchungulia mkojo kumkamata mgonjwa. Utamkamata mara moja, halafu hutaambiwa ukweli tena.

Namna ya kuuliza

"Unakunywa dawa vizuri?" Jibu la swali hili ni "ndiyo", kwa kila mtu, kila siku, na ndiyo maana halifai. Linamtaka mgonjwa achague kati ya kukuridhisha na kujishtaki. Jaribu hivi: "Wiki kama hii wengi huwa wanaruka siku moja au mbili. Wewe umeruka ngapi?" Umekwisha mwonyesha kwamba kuruka kunatokea na hutashtuka. Akisema mbili, usitoe hotuba. Uliza: "Siku hizo ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kama unashindwa kunyamaza. Kimya kinachomkera mhudumu ndicho mgonjwa anachokitumia kupanga maneno.

Swali la chakula nalo lina njia yake. "Mna chakula?" linamdhalilisha mwenye nyumba, atasema kipo. "Jana usiku mlipika nini?" linajibika. Ukisikia chai ya rangi siku tatu mfululizo, umejua.

Na vidonge, kama utavihesabu, avihesabu yeye, wewe ukiangalia. Akikosea, msijadili nani kakosea, anzeni upya kuhesabu.

Mahali watu wanapodondokea

Miezi 6 si sawa yote. Miezi 2 ya mwanzo mgonjwa anameza dawa nne ndani ya kidonge kimoja, idadi ya vidonge kwa siku ikifuata uzito wake. Miezi 4 inayobaki ni dawa mbili. Panga ziara zako zifuate matatizo, siyo tarehe zilizogawanywa sawasawa.

Wiki mbili za kwanza nenda angalau mara mbili kwa wiki. Tumbo ndilo adui. Dawa zikianza kufanya kazi hamu ya kula inarudi, na kwenye nyumba isiyo na chakula hamu hiyo ni adhabu. "Dawa hizi zinataka chakula," watakwambia, na wengi wanaruka siku ambayo hawajala. Zungumza na muuguzi kuhusu saa ya kumeza: kuna ambao muuguzi ataona wameze baada ya kula kidogo au jioni wanapolala, kuliko wakose kabisa. Kuhusu chakula chenyewe, ulizia watu ambao tayari wapo: ndugu wa karibu, jumuiya ndogondogo, msikiti, na kama kaya imeandikishwa TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania wa kusaidia kaya maskini, malipo yake yanakuja lini.

Kuanzia wiki ya sita hadi ya kumi ndipo penye shimo kubwa. Mgonjwa ameongezeka uzito, kikohozi kimekwisha, amerudi kazini. Chukua kibarua wa ujenzi. Anatoka nyumbani saa 11 alfajiri, dirisha la dawa linafunguliwa saa 2 asubuhi, na kumfuata muuguzi ni kuacha kibarua cha siku nzima. Hakuna elimu itakayolifungua dirisha hilo saa 11. Unachoweza kufanya ni kwenda kwa muuguzi mkapange msimamizi wake wa nyumbani, mke au kaka, amchukulie, au siku ya dawa iwe ile ambayo saiti haifanyi kazi. Hapa ndipo uhusiano wako na muuguzi unapolipa, na wengi wanausahau: wanamzoea mgonjwa, lakini zahanati wanapita kama wageni.

Mwisho wa mwezi wa pili makohozi yanapimwa tena na vidonge vinabadilika. Mwambie kabla. Asiyeambiwa anaweza kudhani kupungua kwa dawa maana yake amepona, au kwamba dawa nzuri zimeisha stoo na amepewa za kuzugia.

Kwa wanawake kuna jambo linaloharibu tiba na halionekani kwenye fomu nyingi. Rifampisini, moja ya dawa hizo, inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi. Mwanamke anaweza kushika mimba akidhani amejikinga, akaogopa dawa zitamdhuru mtoto, akaacha kimyakimya. Linalotakiwa ni mapema: arudi kliniki ya uzazi na kuwaambia anatumia dawa za TB, wamshauri njia isiyoathirika. Lakini kwanza akuambie kwamba anatumia uzazi wa mpango, na kuna wanaotumia bila waume zao kujua. Swali hili usilitoe mbele ya mtu yeyote, hata mama yake mzazi. Kama mhudumu ni mwanamume na mgonjwa anaona haya, mwachie mhudumu mwenzako wa kike ziara hiyo moja.

Pwani na Visiwani, Ramadhani nayo huja na watu wake wanaotoweka. Mgonjwa anaruhusiwa kutofunga, lakini wengi wanapojisikia nafuu wanataka kufunga, na anayefunga kwa siri anaruka dawa kwa siri. Usibishane naye juu ya dini. Dawa ni mara moja kwa siku, kwa hiyo panga na muuguzi imezwe usiku au wakati wa daku, na ufanye hivyo kabla ya mwezi kuandama. Wapo maimamu wanaolieleza vizuri suala la ruhusa ya mgonjwa kuliko mhudumu yeyote. Mwombe mmoja alizungumzie kwa watu wote, bila jina la mtu.

Pombe: uliza kama unavyouliza chai. "Mwisho wa wiki huwa unapata kidogo?" Dawa hizi zina mzigo kwa ini, na pombe inaongeza. Mgonjwa azijue dalili za kumpeleka kituoni siku hiyohiyo: macho ya njano, kutapika kusikokoma, maumivu upande wa kulia wa tumbo. Miguu kuwaka moto au kufa ganzi, na macho kuona ukungu, pia apeleke taarifa mapema.

Halafu kuna mawazo. Mtu atakwambia "nina mawazo" na hutaona sehemu ya kuyaandika. Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi 14 wa Mbare, wahudumu wa kawaida wa jamii, wakikaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Kwa Kishona tatizo wanaliita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, ambayo ni karibu kabisa na mawazo yetu. Bibi anasikiliza, kisha wanachagua tatizo moja wanaloweza kuanza nalo na hatua moja ya kuchukua kabla ya kukutana tena. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Unaweza kuazima utaratibu huo bila benchi: tatizo moja, hatua moja, ziara ijayo unaanza kwa kuuliza hatua hiyo iliishia wapi. Mtu akitaja kujiua, hilo siyo la kusubiri ziara ijayo. Mpeleke kituoni, msiachane njiani.

Yanayovunja mazoea

Ahadi ndiyo inayoongoza. "Nitaona kama mradi unaweza kukusaidia" mgonjwa anaisikia kama "msaada unakuja". Sema unachokijua: "Sina chakula cha kutoa. Kesho nitamwona afisa ustawi wa jamii wa kata, Alhamisi nakuja kukueleza alichosema, hata kama ni hapana." Kisha Alhamisi uende, hasa kama ni hapana.

Fedha ya mfukoni ni kesi ngumu, na sitajifanya kuna jibu safi. Mhudumu mwenyewe posho yake ni ndogo na mara nyingi inachelewa, na mgonjwa anaomba nauli ya bodaboda mtoto akiwa anawaka homa. Siku hiyo utatoa, mtu yeyote angetoa. Lakini ukitoa kila wiki, siku ukikosa ataona haya kuonana nawe, na utamkosa yeye na dawa zake. Usimkopeshe kabisa. Mdaiwa humkwepa anayemdai.

Siri ikivuja mara moja, mtaa mzima umefungwa. Daftari la majina lisikae mezani kwako watoto wakilichezea. Na msifanye ziara mkiwa kundi la watu wanne na mgeni kutoka makao makuu anayepiga picha. Mgonjwa hakatai mbele ya wageni, lakini kukubali kwake hapo hakuna maana.

Hesabu ya kaya 100

Ukizipa kaya 100 ziara moja kila mwezi, unapata ziara 100 na hakuna aliyetoshelezwa. Zigawe. Kaya 10 zenye mgonjwa wa TB, mtoto mchanga au mjamzito wa karibu kujifungua zitembelewe kila wiki: ziara 40. Kaya 30 zenye mgonjwa wa presha au sukari, mzee anayeishi peke yake au mtoto mwenye lishe duni, mara moja kwa mwezi: 30. Zilizobaki 60, kila baada ya miezi mitatu: 20 kwa mwezi. Jumla 90, pungufu ya zile 100, na wenye shida wamekuona mara nne. Wiki za mwanzo za mgonjwa mpya zitakula zaidi, ndiyo maana hizo ziara 10 zilizopungua usizijaze. Kila mwezi kaya zinahama kundi, kwa hiyo orodha ipitie mwisho wa mwezi.

Msimamizi wa wahudumu anayelipa au kusifia kwa idadi ya ziara ajue atakachopata: rejista iliyojazwa chini ya mwembe, mwandiko mmoja, kalamu moja, siku moja. Akitaka kujua kazi inaendaje, achague kaya tatu bila kutangaza na aulize maswali mawili: mhudumu wenu anaitwa nani, na mara ya mwisho mlimwita wenyewe lini? Kaya inayomwita mhudumu kabla hajapangiwa kuja inasema mengi kuliko jedwali.

Mhudumu akihama au akiacha, asikabidhi daftari peke yake. Wa zamani na mpya waende pamoja mara mbili kwa kila kaya ya kila wiki. Ya kwanza anaongea wa zamani, ya pili anaongea mpya, ya tatu mpya anakwenda peke yake. Kwa kaya 10 ni siku chache za kazi. Ukiziruka, tegemea mgonjwa mmoja au wawili kupotea mwezi huohuo.

Aliyepotea akirudi

Miezi miwili mfululizo bila dawa, kwenye takwimu mtu huyo anahesabiwa amepotea. Siku akionekana, pengine amekonda, amefunikwa kanga juani, wiki yako inategemea sentensi ya kwanza. Usiseme "nilikwambia." Usiulize alikuwa wapi. Mkaribishe, mtafutie pa kukaa penye upepo, muulize amekula nini leo.

Baada ya hapo, asirudishiwe vidonge vilivyobaki kwenye pakiti ya zamani wala asianze mwenyewe alipoishia. Anahitaji kupimwa makohozi upya, na kipimo kionyeshe kama vimelea vimekuwa sugu kwa rifampisini, ndipo kituo kiamue atumie dawa gani. Mfuate siku hiyo hadi maabara, mkononi ana kikopo chake, na mkae wote foleni.